Ngazi ya kamyo ichaguliwe na yule anayeshuka



Katika ukurasa huu wa usalama na afya mmezoea kusoma juu ya hatari kubwa: jiwe linaloanguka toka juu, baruti, umeme, mashini inayokamata mkono. Ni haki kuyasema hayo, kwani yanaua. Lakini leo tunataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu hukikanyaga kila siku bila kukitazama. Kitu hicho ni ngazi ya kupandia na kushukia kamyo.

Tunasema juu ya kamyo iliyobeba kasha au chumba mgongoni. Iko kamyo inayopeleka watu kwenye posti na kuwarudisha. Iko kamyo ya ateliye, ambayo fundi huitumia kama garaji yake kando ya shimo la mgodi. Iko kamyo ya dispanseri, ambamo mwuguzi hupima watoto na kuchoma sindano. Tena iko kamyo ya ndugu zetu wanaotafuta madini porini, ambao hulala na kupika ndani ya kasha lao kwa majuma mengi. Kazi zao ni mbalimbali, lakini shida ni moja: sakafu iko juu, mara nyingi metre 1,20 na zaidi, na mtu yuko chini.

Maoni yetu ni haya. Kamyo isiyo na ngazi nzuri haiko tayari kwa kazi, kama vile kamyo isiyo na freni haiko tayari. Na ngazi nzuri si ile inayomridhisha kijana mwenye nguvu anayepanda asubuhi. Ngazi nzuri ni ile inayomfaa mtu aliyechoka anayeshuka usiku wakati wa mvua. Yeye ndiye atuchagulie.

KWA NINI ANAYESHUKA?

Anayepanda anaona. Macho yake yako mbele ya vidato, mikono yake inashika mbele ya mguu, na akikosa kidato bado yuko karibu na udongo. Anayeshuka haoni. Mguu wake unatafuta chini kama kipofu anayetafuta mlango. Uzito wote wa mwili unakwenda chini pamoja naye, na kidato cha kwanza anachokitafuta ndicho kilicho juu kuliko vyote.

Ongeza hali yake. Mtu amekaa saa nzima juu ya benchi la chuma, njia imemtikisa, miguu imekufa ganzi. Au amefanya kazi muda wa posti nzima, magoti yamelegea. Buti lina matope. Ndani ya kasha kuna taa, nje ni giza, na macho hayajazoea. Nyuma yake wenzake wanasukuma kwa sababu kila mtu anataka kufika nyumbani. Mtu wa namna hiyo akikosa ngazi, au akiona ngazi ni mbaya, atafanya nini? Ataruka.

Na kuruka ni nini? Hesabu ya shule inatuambia kwamba mtu anayejiachia toka urefu wa metre 1,20 hugusa udongo kwa mbio ya karibu kilomita 17 kwa saa. Mbio hiyo yote inapaswa kusimama ndani ya santimetre chache za magoti na visigino vyake. Kwenye mchanga laini pengine atacheka. Lakini kwenye mgodi hatuna mchanga laini. Tuna mawe, tuna mashimo ya magurudumu, tuna vipande vya vyuma, na kila mwaka tuna matope mekundu tangu mvua zinapoanza hadi zinapokwisha. Kifundo cha mguu kinateguka. Mfupa wa kisigino unapasuka, nao ni mfupa mgumu kupona, kwani ndio unaobeba mwili wote. Mwenye kubeba kisanduku cha vyombo mkononi huumiza na mgongo.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawalijui. Mtu anayeruka akiwa ameshika ubavu wa kasha anaweza kuacha kidole chake pale juu. Pete yake ya ndoa inanasa kwenye ncha ya chuma, mwili unakwenda chini, na pete inabaki pamoja na ngozi ya kidole, mara nyingine na kidole chenyewe. Waganga wa ajali wanalijua jambo hilo vizuri. Pete ya ndoa ni kitu cha heshima: kabla ya kupanda kamyo, itie mfukoni au uiache nyumbani kwa mama, naye hatakasirika.

Wengi husema: "Mfanyakazi huyo ni mtundu, ameruka, kosa ni lake." Sisi tunauliza kwanza: je, alipewa ngazi? Kama kidato cha kwanza kiko juu ya goti lake, kama hakuna pa kushika, kama chuma ni cha mviringo na kinateleza, basi aliyeruka amefuata njia pekee aliyoachiwa. Tumlaumu anayeruka palipo na ngazi nzuri. Pasipo na ngazi nzuri, lawama ianze juu zaidi.

AINA NNE ZA NGAZI

Kazi ya kuchagua si ngumu. Ngazi za kamyo zenye kasha ziko za aina nne, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni ngazi isiyotoka mahali pake, iliyofungwa kwenye kamyo kwa skurubu au kwa kuchomelewa. Uzuri wake ni kwamba haisahauliki na haiibiwi. Mtu akija usiku anaikuta palepale. Ubaya wake ni kidato cha chini: kikiwa chini sana kinagonga mawe ya njia, kikiwa juu sana mtu hakifikii. Kwa kamyo ya kubeba watu wa posti, hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, lakini kidato cha chini kina dawa yake, nasi tutaisema.

Ya pili ni ngazi ya kukunja. Huko Marekani na Canada kuna watu wengi wanaobeba nyumba ndogo ya kulala mgongoni mwa pikap, na mlango wa nyumba hiyo huwa juu ya udongo kama mlango wa kasha letu. Wengi wao hutumia ngazi inayojikunja kama mkasi: ikifungwa inakaa chini ya mlango, ikifunguliwa vidato vyote vinashuka pamoja. Kuna zile ambazo mwisho wake una miguu inayoketi juu ya udongo na inayoweza kurefushwa au kufupishwa. Watu hao wamejifunza somo moja linalotufaa na sisi: nyumba ileile ikiwekwa juu ya pikap ndefu zaidi, ngazi ya zamani haitoshi tena. Ngazi hupimwa juu ya gari lililobeba, haipimwi dukani.

Ngazi ya kukunja inafaa sana kwa kamyo ya dispanseri na ya ateliye, kwani hizo hufika mahali na kusimama siku nzima. Haifai kwa kamyo ya posti inayosimama kila dakika tano. Tena ina maungo, na maungo hutaka mafuta na kusafishwa. Vumbi la njia zetu likiingia ndani yake, siku moja ngazi inakataa kufunguka. Siku hiyo watu wataruka.

Ya tatu ni ngazi ya kuchukuliwa kwa mkono: ngazi fupi inayotundikwa kwa kulabu mlangoni, au sanduku imara la kukanyagia. Ni rahisi kutengeneza, tena ni msaada mkubwa kwa mama na wagonjwa. Lakini ina adui mmoja: kusahauliwa. Inabaki garajini, inabaki porini, mtu anaiazima kupandia paa la nyumba yake. Kwa hiyo iwe na mahali pake pa kufungiwa ndani ya kasha, na mtu mmoja mwenye kuiangalia. Kulabu zake ziwe na kifungo, maana ngazi iliyotundikwa tu huruka pale mtu anapoisukuma kwa mguu.

Ya nne ni ngazi ya kuning'inia kwa mnyororo au kamba ya chuma. Hiyo tunasema wazi: hatuitaki kama ngazi nzima. Ukikanyaga inakimbilia chini ya kasha, miguu inakwenda mbele, mgongo unakwenda nyuma. Mwenye nguvu za mikono ataokoka, mwingine hataokoka.

Na gurudumu? Gurudumu si ngazi. Mpira ni wa mviringo, una matope, na shofere asiyejua kwamba uko juu yake akiondoa freni, gurudumu litazunguka pamoja nawe. Yule anayepanda kwa gurudumu ametuonyesha tu kwamba kamyo yake haina ngazi.

VIPIMO VYA KUFUATA

Chukueni metre, mwende kwenye kamyo, mpime. Tunataja vipimo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvitumia.

1. Kidato cha chini kisizidi santimetre 40 toka udongoni. Hapo ni chini ya goti la mtu mzima, hata la mama mfupi.

2. Vidato vyote vilingane. Mguu hujifunza kipimo kwa kidato cha kwanza, kisha hauulizi tena. Kidato kimoja kikipita vingine kwa santimetre chache tu, hapo ndipo mtu anapoanguka. Kwa sakafu ya metre 1,20, wekeni vidato vitatu: kimoja kwenye santimetre 40, cha pili kwenye 67, cha tatu kwenye 94. Nafasi inayobaki mpaka sakafuni ni karibu ileile.

3. Kidato kiwe kipana cha kutosha miguu miwili pamoja, yaani santimetre 30 au zaidi, na nyuma yake pawe na nafasi ya kuingiza nusu ya mbele ya buti. Kidato kilichobanwa na ubati nyuma yake kinashika ncha ya vidole tu.

4. Vidato vya chini vitokeze nje kuliko vya juu. Visijifiche chini ya kasha. Anayeshuka hawezi kukanyaga kidato asichoweza kukipata.

5. Kidato kiwe na matundu na meno, ili matope yaanguke na buti lishike. Chuma cha mviringo cha kujengea beton si kidato. Ubati laini uliopakwa rangi si kidato, ni sabuni.

6. Mishikio iwe miwili, kuume na kushoto. Ianze chini ambapo mtu aliyesimama udongoni anaifikia, na ipande mpaka juu ya sakafu, ili anayeshuka aishike kabla hajageuka. Pengo kati ya mshikio na ukuta litoshe mkono wenye glavu. Mlango usiwe mshikio, kwani mlango hukimbia.

7. Ngazi iwe na nguvu. Katika sheria ya Marekani kwa kamyo ambazo chumba cha shofere kiko juu ya motere, zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Septemba 1982, kila kidato kinapaswa kubeba kilo 204 bila kuvunjika, na mtu apandapo au ashukapo lazima aweze kuwa na viungo vitatu vinavyoshika gari wakati wote. Hatuishi Marekani, lakini uzito wa mtu aliyebeba vyombo ni uleule huko na huku.

8. Pawe na taa mlangoni inayoangaza vidato na mahali mguu utakapotua. Ncha ya kila kidato ipakwe rangi nyeupe au manjano, na rangi irudishwe inapokwisha.

Kuna ujanja mmoja katika kupima. Kamyo tupu husimama juu kuliko kamyo iliyojaa, kwani chemchemi zimepumzika. Basi mtu wa mwisho kushuka anakuta ngazi iko juu zaidi kuliko aliyetangulia. Pimeni kamyo ikiwa tupu, na pimeni pale inaposimama kweli, kando ya njia palipochimbika. Sakafu laini ya garaji hudanganya.

DAWA YA KIDATO CHA CHINI

Mashofere hutuambia: "Mkiweka kidato chini hivyo, safari ya kwanza tu jiwe litakikunja." Wanasema kweli. Njia za migodi si barabara za mjini. Lakini jibu lake si kukata kidato cha chini na kuwaachia watu pengo la santimetre 70. Jibu lake ni kukifanya kidato hicho kiweze kuinama na kurudi.

Mahali pengi duniani kwenye mashini kubwa, kidato cha chini peke yake hushikwa kwa vipande viwili vya mpira mgumu na mnene. Jiwe likikigonga, mpira unapinda, kisha unarudi. Sisi kwenye migodi hatukosi mpira wa namna hiyo: mkanda wa zamani wa kubebea mawe ukikatwa vizuri unafaa. Lakini angalieni mambo mawili. Mpira uwe mgumu wa kutosha ili kidato kisicheze sana chini ya mguu, na ni kidato cha chini tu, si cha pili wala cha tatu. Mpira ukipasuka, ubadilishwe siku ileile.

Kumbukeni pia upande wa mlango. Hapa Kongo magari hupita kuume. Mlango wa ubavuni uwe kuume, ili watu washukie kando ya njia, wasishukie mbele ya magari mengine. Mlango ukiwa nyuma, shofere hawaoni watu wake, kwa hiyo pawe na kengele au alama nyingine, na mtu mmoja wa kusema kwamba wa mwisho amekwisha kushuka.

WANAOSEMA HAPANA

Wa kwanza anasema: ngazi ni gharama. Tunajibu: vyuma vya ngazi moja viko kwenye takataka za garaji, na fundi tunaye. Tumwombe tu aifanye kama kazi ya kweli, si kama kazi ya kupoteza wakati jioni. Ngazi ifungwe vizuri na ijaribiwe kwa mizigo kabla mtu hajapanda. Tena pimeni gharama ya upande wa pili: fundi mmoja mwenye kisigino kilichopasuka, miezi ya lopitali, kazi yake kuachiwa mtu asiyeijua, na nyumba yake kukaa na wasiwasi. Ngazi haiwezi kufikia bei hiyo hata ingetengenezwa kwa shaba safi.

Wa pili anasema: tutapoteza wakati. Haya, tuhesabu. Kamyo ina watu 30. Anayeruka hutumia kama sekunde 2, anayeshuka kwa ngazi hutumia kama 5. Tofauti ni sekunde 3 kwa mtu, yaani dakika moja na nusu kwa watu wote. Ni wakati wa kuwasha sigara. Shefu wa kazi asiyeweza kutoa dakika moja na nusu kwa miguu 60 hajui kuhesabu.

Wa tatu ni kijana, naye anasema: mimi ni mwanaume, ngazi ni ya wazee. Kijana wetu, sikia. Fundi anayeshuka toka kamyo yake mara 8 kwa siku, siku 24 kwa mwezi, miezi 11, hushuka zaidi ya mara 2000 kwa mwaka. Goti halikati deni, linaandika. Utalipa ukifika miaka 50, wakati unataka kulima shamba lako na kubeba wajukuu. Waulize wazee walioacha kazi, wale wanaokaa kizingitini asubuhi wakisugua magoti. Wengi wao walikuwa wepesi kuruka kama wewe.

MAMA, WATOTO NA WAGONJWA

Ngazi si jambo la wanaume wa mgodi tu. Kamyo ya dispanseri inapofika, nani anapanda? Ni mama mwenye mimba, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye homa, mtoto mwenye kidonda mguuni. Kitenge hakiruhusu hatua ndefu. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuinama mbele bila hofu, na akianguka wanaanguka wawili. Tumeona mahali ambapo mama huvutwa mikono na watu wawili juu na kusukumwa na mmoja chini, kama gunia la unga. Hilo si hatari tu, ni aibu. Mama mwingine, kwa kuogopa aibu hiyo, atabaki nyumbani, na mtoto atakosa sindano yake. Basi ngazi mbaya inaweza kumletea mtoto ugonjwa hata bila mtu kuanguka.

Kwa kamyo ya dispanseri tunataka zaidi: vidato vya chini zaidi na vingi zaidi, vyenye kina cha kutosha mguu mzima, vilivyolala kama ngazi ya nyumba, na mishikio pande zote mbili. Mwuguzi asiite mgonjwa wa kwanza mpaka ngazi imesimama imara. Mahali inapoketi, udongo usawazishwe kwa jembe au pawekwe ubao mpana. Na watoto wasiruhusiwe kuchezea ngazi hiyo, hasa ile ya kukunja, kwani maungo yake ni mkasi wa kweli kwa vidole vidogo.

Mama, ninyi mna sauti kubwa nyumbani. Mkimwona baba amerudi anachechemea, msimwandalie maji ya moto tu. Mwulizeni ameshukaje kwenye kamyo. Na kamyo ikiwa haina ngazi, mwambieni alipeleke neno hilo kwa mjumbe wa wafanyakazi, asilimeze.

NAMNA YA KUPANDA NA KUSHUKA

Ngazi nzuri hutaka mtu mwenye akili. Kumbukeni haya:

Ngoja kamyo isimame kabisa na shofere avute freni ya mkono.

Geuza uso kwenye kamyo, ukipanda na ukishuka. Anayeshuka akitazama nje kama anayeshuka ngazi ya kanisa hana pa kushika, na kidato kinamgonga kisigino.

Shika kwa viungo vitatu: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kimoja tu kitembee.

Mikono iwe tupu. Vyombo vipokelewe na mwenzako au vishushwe kwa kamba. Chakula cha mchana nacho ni mzigo.

Pangusa matope ya buti kabla ya kupanda. Matope unayoyaacha juu ya kidato ni mtego wa anayekufuata.

Tazama mahali pa kutua kabla ya kuachia mkono wa mwisho. Kidato cha mwisho hushushwa kama cha kwanza, hakirukwi.

Mmoja mmoja. Anayesukuma nyuma aonywe na wenzake, asingojwe mpaka aumize mtu.

NANI ACHAGUE?

Tumesema ngazi ichaguliwe na anayeshuka. Tunataka neno hilo lifanyike kweli. Mara nyingi kamyo huagizwa na watu wa bilo ambao hawatapanda ndani yake. Wanatazama motere, bei, tani. Ngazi inakuja kama ilivyo, na mfanyakazi anaambiwa ajizoeze. Sisi tunasema, kabla kamyo yenye kasha haijapokelewa, waitwe watu watatu: mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mmoja mzee karibu na kuacha kazi. Kwa kamyo ya dispanseri aitwe na mama mmoja. Wapande na washuke mara kumi, mchana na usiku, na buti zenye matope. Mmoja wao akisema hapana, kamyo irudi garajini ikatengenezwe.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, inajua kamati za usalama na afya mahali pa kazi. Na Mkataba namba 176 wa mwaka 1995 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, unaohusu usalama katika migodi, unasema mfanyakazi ana haki ya kutangaza hatari na kujiondoa mahali penye hatari kubwa. Kamati isingoje jiwe lianguke ndipo ikutane. Iweke ngazi za kamyo katika karatasi yake ya kila mwezi: kidato kilichopinda, skurubu iliyolegea, mshikio uliovunjika, taa iliyokufa. Na shofere, anapozunguka gari lake asubuhi kutazama magurudumu na mafuta, atikise ngazi pia kwa mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunajua kwamba kazi ya mgodi ni ngumu na kwamba kampuni ina mambo mengi ya kununua. Lakini hatuombi kitu kikubwa. Tunaomba vidato vitatu vilivyolingana, mishikio miwili, taa moja, na mtu wa kuviangalia. Mwanaume aliyemaliza posti yake chini ya udongo, akapita hatari zote za jiwe na moto na mashini, asije akavunjika katika metre moja ya mwisho, mbele ya mlango wa nyumba yake.

Basi, juma hili, kabla ya kushuka, kila mmoja atazame chini na ajiulize: je, ngazi hii ningempa mama yangu ashukie? Kama jibu ni hapana, usinyamaze.

Shuka polepole, ufike mzima.